Kupe chini ya kivuli cha kakao

Ukishika barabara ya kutoka Kyela mjini kwenda Ipinda hadi Matema, nyumba huzioni upesi; unaona miti. Mwembe mkubwa mbele, michikichi pembeni, migomba kila upande, na chini yake mikakao iliyofungana matawi hadi jua linafika ardhini vipande vipande. Bati linachungulia kwa mbali. Mgeni wa Dodoma atadhani ameingia msituni. Mwenyeji atamwambia karibu nyumbani.

Uwanja huo wenye miti ndio ghala na benki ya familia. Una kakao ya kuuza, ndizi za kula, mawese ya kupikia, na mara nyingi ng'ombe mmoja au wawili waliofungwa kamba chini ya mwembe. Una kupe pia. Mvua zikishakolea, watoto wanarudi kutoka kucheza na vikupe kwenye ndewe za masikio na nyuma ya magoti, mbwa anajikuna usiku kucha, na mtamba wa maziwa aliyepatikana kwa mkopo anaanza kuvimba tezi chini ya sikio.

Hapo ndipo mashauri yanapomiminika. Mmoja atasema punguza miti, giza limezidi. Mwingine atasema nenda duka la pembejeo, jaza bomba la mgongoni, pulizia uwanja mzima kuanzia mlangoni hadi mpakani kwa jirani. Nimeona watu wakifanya la kwanza na la pili, na yote mawili nayapinga, kwa sababu yanamwinda kupe pale asipokuwepo.

Kupe haruki, hapai, wala hadondoki kutoka juu ya mti. Imani kwamba anajiachia kutoka tawini ni ya zamani na ina watu wengi, lakini mwenyewe hutokea chini. Kupe wa sikio, yule wa rangi ya kahawia anayewasumbua ng'ombe wa Afrika Mashariki yote, hupanda jani la nyasi, akajishika kwa miguu ya nyuma na kuinyoosha ya mbele hewani. Kwenye miguu hiyo ya mbele kuna kiungo kidogo cha kunusa pumzi na kuhisi joto. Mnyama akipita na kugusa jani, safari imekwisha. Kupe wakubwa wenye madoa ya rangi hawana hata subira hiyo. Wakinusa pumzi ya mnyama hutoka walikojificha wakamfuata kwa miguu.

Adui yake mkubwa ni ukavu. Juani, kwenye ardhi iliyo wazi, kikupe kichanga hukauka na kufa mapema. Kwenye nyasi ndefu zenye unyevu, anaweza kungoja miezi mingi bila kula chochote, na kupe mzima wa sikio anaweza kuvuka hata mwaka. Kyela ina mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka na Ziwa Nyasa lililo mita 470 na ushee tu juu ya usawa wa bahari. Joto lipo, unyevu upo. Kinachobaki kuamua ni mnyama: anapita wapi, analala wapi, na nani anamkagua.

Hesabu yenyewe ndiyo inayotisha. Jike la kupe wa sikio likishiba damu huanguka chini, likajificha kwenye takataka au mzizi wa nyasi, likataga mayai kati ya 3,000 na 5,000 kwa mkupuo mmoja, kisha likafa. Vinavyoanguliwa vina miguu sita, vidogo kiasi kwamba ukiviona kwenye soksi unaweza kudhani ni vumbi. Vikishiba kwa mnyama wa kwanza vinaanguka, vinajivua, vinakuwa tunutu wa miguu minane. Tunutu naye hutafuta mnyama wa pili, anaanguka tena, anajivua, anakuwa kupe mzima anayetafuta mnyama wa tatu. Ukijumlisha siku zote anazokaa mwilini mwa wanyama, ni wiki mbili au tatu katika maisha yake yote. Muda mwingine wote yuko uwanjani kwako.

Mtu anaweza kusema: basi si nipulizie uwanja? Subiri kidogo.

Kwanza, uwanja haujai kupe kwa usawa. Kuna njia rahisi ya kuhakikisha, inayotumiwa na watafiti dunia nzima na isiyohitaji fedha. Chukua kipande cha shuka kuukuu nyeupe, funga upande mmoja kwenye fimbo, uikokote polepole juu ya nyasi asubuhi umande ukishakauka. Kila hatua chache igeuze uitazame. Pita kwanza katikati ya mikakao, pale ambapo kivuli kimekuwa kizito hadi nyasi hazioti na chini kuna majani makavu tu. Kisha pita ukingoni, pale kakao inapokutana na njia ya kwenda kisimani. Zunguka banda. Zunguka mwembe anapofungwa ng'ombe. Malizia pale mbwa anapopenda kulala. Kwa kawaida katikati ya mikakao shuka hutoka safi au karibu na safi, kwa kuwa ng'ombe hapiti huko na hakuna jani la kusimama. Ukingoni na chini ya mwembe ndiko utakakoona vidoa vinatembea.

Hivyo eneo la vita ni dogo kuliko linavyoonekana. Fyeka nyasi za ukingoni hadi ziwe chini ya kifundo cha mguu, acha ukanda wa hatua mbili au tatu ulio wazi kati ya kakao na nyumba, na kati ya kakao na banda, jua lipige hapo. Hamisha kamba ya ng'ombe. Asifungwe mahali pamoja kuanzia Januari hadi Desemba, kwa sababu kila kupe anayeshiba anaanguka palepale na watoto wake wanamkuta ng'ombe yuleyule. Majani ya katikati ya shamba yaache.

Yaache kwa sababu ya kakao yenyewe. Ua la kakao huota kwenye shina na matawi manene, dogo, halina harufu ya kumvuta nyuki. Linachavushwa na vijidudu vya jamii ya usubi, visivyofika hata milimita tatu, na vijidudu hivyo huzaliana kwenye majani yanayooza, kwenye maganda ya kakao yaliyotupwa shambani na kwenye mashina ya migomba yaliyokatwa. Katika maua 100, yanayofanikiwa kuwa tunda ni machache mno hata mambo yakienda vizuri. Ukifagia chini ya mikakao ikawa nyeupe, au ukapulizia sumu ya wadudu hapo, umewaua wachavushaji wako ili uwakomoe kupe ambao hawakuwepo. Mwaka 2024, bei ya kakao katika soko la dunia ilipovuka dola 10,000 kwa tani, wakulima wa Kyela hawakuhitaji mtu wa kuwaambia thamani ya tunda moja. Tena kuna wanaouza kakao kama zao la kilimo hai. Kwao bomba moja la dawa isiyoruhusiwa linaweza kuwa mwisho wa mkataba.

Pili, dawa yenyewe. Ukiingia duka la pembejeo, mazungumzo huwa mafupi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nipe dawa ya kupe."

"Ya kuogesha ng'ombe, au ya kupiga shambani?"

Swali ni zuri, lakini mara nyingi chupa zote mbili zina dawa za ukoo mmoja: alfa-saipamethrini, deltamethrini na ndugu zao. Hizi ni sumu zilizotengenezwa viwandani kwa kuiga sumu ya ua la pareto, lile linalolimwa kwenye baridi ya nyanda za juu kaskazini na mashariki ya Kyela, upande wa Mbeya na Makete. Kwa binadamu na ng'ombe, zikichanganywa sawasawa, hazina ukali mkubwa. Kwa paka baadhi yake ni kifo, kwa hiyo dawa ya mbwa asipakwe paka. Na kwa samaki ni janga: mikrogramu chache katika lita moja ya maji zinatosha kuua.

Tazama ramani ya Kyela uelewe maana yake. Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo zinashuka kutoka milimani, zinakata bonde na kuingia ziwani ndani ya mwendo mfupi. Mifereji inapita nyuma ya majaruba ya mpunga, na majaruba yanapakana na viwanja vya nyumba. Mvua zinaposhika, ndipo samaki aitwaye mbasa anapopanda mito kwenda kutaga. Ndipo pia kupe wazima wanapojitokeza kwa wingi, na watu wanapochukua bomba. Dawa iliyopulizwa kwenye nyasi jioni, mvua ya usiku inaichukua. Bomba lililosuuzwa kijitoni halisubiri hata mvua. Wavuvi wa Matema na Ngonga wanalalamika mbasa amepungua, na sababu kubwa ni nyavu na uvuvi wa midomo ya mito. Si haki kumbebesha mwenye bomba lawama yote. Lakini hana sababu ya kuongeza.

Wengine watasema basi tutumie dawa ya asili, mmea wa utupa. Majani yake yakitwangwa na kulowekwa hutoa maji yanayoua kupe kweli, na wafugaji wa nchi nyingi za ukanda huu, Zambia ikiwemo, wanajua hilo. Watafiti nao wamelipima wakalikuta lina ukweli. Ila utupa ndio uleule unaotiwa mtoni na wavuvi haramu ili samaki waelee. Kuwa wa asili hakuufanyi uwe mpole. Utumike mwilini mwa ng'ombe, mbali na maji, na si zaidi ya hapo.

Dawa mahali pake ni juu ya mnyama. Huko ndiko kupe anakokuja mwenyewe, na ng'ombe aliyeogeshwa vizuri ni mtego unaotembea: anakusanya kupe wa uwanja mzima na kuwaua bila wewe kupulizia jani moja. Kuogesha vizuri maana yake ni kupima dawa kwa kipimo cha chupa, si kwa kifuniko cha soda. Kulowanisha ng'ombe hadi tumboni, kwapani, chini ya mkia na ndani ya masikio. Na kurudia kwa wakati. Anayepunguza dawa ili idumu anawafundisha kupe kuizoea. Uganda wameshafika huko. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere walichapisha mwaka 2016 matokeo kutoka wilaya za wafugaji wa magharibi na katikati ya nchi, wakaonyesha kupe wanaohimili zaidi ya aina moja ya dawa. Mfugaji anabadilisha chupa, anabadilisha duka, kupe wanabaki palepale.

Na kabla ya chupa kuna mkono. Kazi hii inadharauliwa kwa kuwa haina gharama.

Jioni, ng'ombe akiwa anakula pumba, mshike sikio uligeuze ndani nje. Anza kwenye ukingo, ambapo manyoya ni mafupi, ushuke hadi kwenye mikunjo ya ndani. Kupe wa sikio hukaa hapo kwa makundi, wadogo wa kahawia na katikati yao jike lililovimba, la kijivu, linafanana na mbegu ya mbarika. Ukimaliza masikio nenda kwenye kiwele na mapaja ya ndani, wanakopenda wale wenye rangi. Inua mkia, wapo wenye miguu myekundu wanaojificha kandokando ya tundu la haja. Kila unayemng'oa mtie kwenye kopo lenye maji ya sabuni au mafuta ya taa. Usimtupe chini, kwa maana aliyeshiba alikuwa anatafuta kushuka na wewe umemsaidia. Usimpasue kwa kucha pia. Damu ile ina vimelea.

Mkono una nguvu kuliko watu wengi wanavyojua, na sababu iko kwenye ndigana kali. Huu ndio ugonjwa unaoua ng'ombe wa maziwa kuliko magonjwa mengine ya kupe katika ukanda wetu. Vimelea vyake hukaa kwenye tezi za mate za kupe wa sikio, lakini kupe anapojishika huwa bado havijakomaa. Vinahitaji kwanza kupe aanze kunyonya, joto la mnyama liviamshe, na kwa kawaida siku tatu hadi nne zipite kabla havijawa tayari kuingia kwenye damu ya ng'ombe. Kupe aliyeng'olewa siku ya kwanza au ya pili ameondoka na ugonjwa wake. Kwa mwenye ng'ombe 200 ushauri huu hauna maana. Kwa mwenye ng'ombe wawili chini ya mwembe, ni dakika 10 kila jioni.

Ukichelewa, dalili zinajulikana: tezi ya chini ya sikio inavimba, kisha ile ya mbele ya bega, homa inapanda hadi nyuzi 40 na zaidi, ng'ombe anaacha kula, anapumua kwa shida, mwishoni povu linatoka puani. Dawa ya kutibu, buparvakwoni, ipo na inafanya kazi ikiwahi, lakini bei yake si ya mchezo, na povu likishatoka huwa ni kujifariji. Ng'ombe wa asili aliyezaliwa kwenye kupe huwa na kinga fulani akishavuka undama. Chotara wa kizungu aliyeletwa juzi hana.

Historia ya ugonjwa huu ina somo ambalo wapuliziaji wa viwanja wangelipenda kulisahau. Sotoka ya miaka ya 1890 ilifagia ng'ombe kuanzia Pembe ya Afrika hadi kusini mwa bara. Vita vya Makaburu vilipoongeza uhaba, walowezi wa kusini waliagiza ng'ombe kutoka pwani ya Afrika Mashariki, wakashushwa bandari ya Beira mwaka 1901. Wakaja na ndigana kali. Daktari Mjerumani Robert Koch, aliyekuwa ameshaviona vimelea hivyo Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1890, aliitwa Rhodesia mwaka 1903, na ni yeye aliyeuita ugonjwa huo homa ya pwani. Hakumtambua mbebaji wake. Aliyeonyesha kwamba ni kupe wa sikio ni Charles Lounsbury, mtaalamu wa wadudu wa Koloni la Rasi, kusini mwa bara. Afrika Kusini ikapambana kwa nusu karne: majosho, karantini, kuchinja mifugo yenye ugonjwa, kuzuia kuhama. Katikati ya miaka ya 1950 ndigana kali ikawa imetoweka nchini humo. Kupe wa sikio je? Yupo hadi leo, anatembea kwenye nyasi zilezile. Walikatiza safari ya ugonjwa kati ya kupe na ng'ombe, ikatosha.

Wanyakyusa wa zamani, wenyeji wa Kyela, nao walikuwa na utaratibu wao. Monica na Godfrey Wilson, waliofanya utafiti wa jamii hii katika miaka ya 1930, waliandika juu ya ng'ombe kulala ndani ya nyumba pamoja na watu, na juu ya usafi wa nyumba hizo: samadi ilizolewa kila siku na sakafu ikafagiliwa. Siwezi kudai walifanya hivyo kwa ajili ya kupe. Lakini jike lililoshiba likaanguka usiku kwenye sakafu ya namna hiyo, asubuhi liliishia jaani. Mabanda mengi ya leo yana samadi ya wiki mbili.

Tuje kwa kuku, maana kila mtu anamtaja. Kuku wa kienyeji anakula kupe, na si kwa bahati. Watafiti waliowapasua matumbo kuku waliozurura kati ya ng'ombe nchini Kenya, matokeo yakachapishwa mwaka 1991, walikuta makumi ya kupe kwa kuku mmoja baada ya muda usiozidi saa moja. Mwachie kuku asubuhi ng'ombe wakiwa bado wamelala bandani, atadonoa hadi kwenye mapaja. Kuku anayefungiwa hadi saa nne kwa kuogopa mwizi hakusaidii hapa. Kanga naye hula, ingawa waliomjaribu Marekani waliona anapunguza kupe wazima zaidi kuliko tunutu. Yangeyange mweupe anayemfuata ng'ombe malishoni mpende kwa uzuri wake. Anawinda panzi wanaorushwa na kwato, kupe si chakula chake kikuu.

Kuna mlango mmoja ambao wafugaji wa ndani husahau kuufunga. Mtu anafungia ng'ombe bandani mwaka mzima, anaogesha, anafyeka, na bado kupe wapo. Ukimfuata jioni utamkuta anarudi na furushi la majani mabichi aliyokata kandokando ya majaruba, pale wanapopita ng'ombe wa kijiji kizima. Vikupe vinakuja ndani ya furushi hadi horini. Ayaanike juani siku moja kabla ya kulisha, au bora apande matete yake mwenyewe mahali ambapo mifugo haipiti. Na samadi na mabaki ya hori yasirundikwe mlangoni.

Kwa watu, tahadhari ni chache na ziko wazi. Tovuti nyingi za nje zinatisha watu kwa ugonjwa wa Lyme, uliopewa jina la mji wa Marekani katika miaka ya 1970. Huo una kupe wake wa nchi za kaskazini, usikukoseshe usingizi Kyela. Unaotuhusu zaidi ni homa inayoletwa na wale kupe wenye rangi: siku kadhaa baada ya kuumwa, kichwa kinauma, mwili unachoka, tezi zinavimba, na pale kupe alipong'ata pana kidonda kidogo chenye kigaga cheusi. Hapa kwetu kila homa ni malaria hadi ithibitike vinginevyo. Kipimo cha malaria kikisema hapana, mwambie mganga wa zahanati kwamba uliumwa na kupe na umwonyeshe hicho kigaga; dawa za kutibu zipo na zinajulikana. Papasi ni suala jingine kabisa. Huyo anaishi kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo, ananyonya usiku kwa dakika chache na kurudi ufani, na homa yake ya kujirudia ndiyo iliyomuua mtafiti Dutton huko Kongo mwaka 1905. Papasi anatafutwa ndani ya nyumba, si kwenye kakao.

Aliyejishika kwenye ngozi, mkamate kwa kibano karibu kabisa na ngozi, vuta wima, taratibu, bila kuzungusha. Kumchoma kwa kiberiti au kumpaka mafuta ya taa akiwa bado amejishika kunaweza kumfanya aongeze mate kwenye jeraha, na mate ndiyo hasa usiyoyataka. Mbwa naye aogeshwe siku moja na ng'ombe. Mbwa mmoja anayezurura hurudisha kila jioni ulichokiondoa asubuhi.

Baada ya yote haya, uwanja wako hauwezi kuwa safi peke yake. Ng'ombe wa jirani hukata kamba, mbuzi hawajui mpaka. Ndiyo maana majosho yalijengwa. Serikali ilipoacha kuyagharamia wakati wa mageuzi ya uchumi, mengi nchini yalibaki mashimo ya zege yenye maji ya mvua na vyura. Kampeni ya kitaifa ya mwaka 2018 iliyarudisha baadhi, ikaja na bei elekezi ya shilingi 50 kwa ng'ombe na 10 kwa mbuzi au kondoo. Bei hiyo haikuwa kikwazo kwa mtu. Kikwazo ni kumwendesha ng'ombe mmoja kilomita kadhaa kila wiki kwenye tope la Aprili, na wenye ng'ombe mmoja mmoja ndio wengi katika vijiji vya kakao. Kwao bomba la kikundi, linalozunguka nyumba kwa nyumba siku iliyopangwa, lina akili zaidi kuliko josho la mbali.

Halafu kuna chanjo. Ya ndigana kali ilibuniwa Muguga, Kenya, katika miaka ya 1970, na kwa miaka mingi imekuwa ikitengenezwa jirani kabisa na sisi, kwenye kituo cha kupe na magonjwa yake kilichoko Lilongwe, Malawi. Ndama huchomwa vimelea hai pamoja na dawa ya kuvidhibiti, akapata kinga inayoweza kudumu maisha yake yote. Wafugaji wa Kimasai kaskazini mwa Tanzania wamechanja mamia ya maelfu ya ndama kwa njia hiyo. Haimkingi na magonjwa mengine ya kupe, yaani ndigana baridi, kukojoa damu na maji moyo, kwa hiyo kukagua masikio kunaendelea. Na ina masharti yake: inatunzwa kwenye naitrojeni ya maji, na mrija mmoja ukishayeyushwa una dozi kati ya 30 na 40 zinazopaswa kutumika ndani ya saa chache. Mwenye ndama mmoja akienda peke yake kwa ofisa mifugo wa kata, hakuna atakayeuyeyusha mrija kwa ajili yake. Itabidi kwanza mtu azunguke kijijini na daftari, aandike nani ana ndama wa umri gani na nani yuko tayari kuchanga, hadi idadi itimie.